Anayependa Chakula, Je, Anampenda Mpishi?



Juu ya kula mmekwisha kufundishwa mambo mengi: juu ya kufunga, juu ya ulafi, juu ya kumshukuru Mungu kabla ya kugusa sahani. Leo nataka kuuliza jambo lingine. Mtu anayekipenda sana chakula cha watu fulani, je, amekwisha kuwapenda watu wenyewe? Na kama hajawapenda, je, ana deni lolote, ikiwa amelipa feza yote aliyoombwa?

Swali hili sikulipata katika seminari. Huko nilisoma falsafa miaka miwili, na sikulisikia hata mara moja. Nililipata mezani, na aliyeniuliza ni mtoto wangu.

RESTORA YA MTAANI KWETU

Mimi ni mtu wa Kivu ya Kusini. Vita ilitutoa kwetu; tulikaa kambini Tanzania, nami nikafundisha katekisimu huko; na mwaka wa 2016 tulipelekwa Marekani, katika mji wa San Antonio, jimbo la Texas. Kutoka hapa hadi mpaka wa Meksiko ni karibu kilometa 250, na wakaaji wengi wa mji huu ni wa ukoo wa Kimeksiko. Wazee wa wengine walikuwa hapa kabla ya Wamarekani wenyewe, kwa maana nchi hii ilikuwa ya Meksiko hadi mwaka wa 1836, ikaingizwa katika Marekani mwaka wa 1845. Ndiyo maana hupenda kusema kwamba wao hawakuvuka mpaka, bali mpaka ndio uliowavuka.

Mtaani kwetu iko restora ndogo yenye meza kumi na mbili. Chakula chake ni kile kiitwacho Tex-Mex, yaani cha Texas na Meksiko pamoja. Siku ya Dominika baada ya Misa, kama feza ipo, tunakwenda huko, mimi na mke wangu na watoto. Ukikaa, kabla hujaagiza kitu, unaletewa bakuli la vipande vya tortila vilivyokaangwa, pamoja na mchuzi mbichi wa nyanya na pilipili, bila malipo. Tortila ni mkate mwembamba kama chapati, wa mahindi au wa ngano. Kisha inakuja sahani ya moto, na mhudumu anakuonya usiiguse. Juu yake ziko enchilada mbili, yaani tortila zilizoviringwa na kutiwa nyama ndani, zikamwagiwa mchuzi mwekundu wa pilipili, zikafunikwa jibini ya njano. Upande mmoja uko wali mwekundu, upande mwingine maharagwe yaliyopondwa na kukaangwa. Watoto hugombania jibini inayovutika kama ulimbo. Mke wangu huomba pilipili zaidi, na wahudumu hucheka, kwa maana wageni wengi huomba ipunguzwe.

Tangu siku ya kwanza tulijiona kama tuko nyumbani. Nilipofikiri nikaelewa sababu. Mahindi, maharagwe, nyanya, pilipili, vyote ni mimea ya Amerika. Wenyeji wa Meksiko wa zamani waliilima maelfu ya miaka. Na baada ya mwaka wa 1500 Wareno walianza kuileta Afrika mimea ya Amerika, pamoja na muhogo na karanga. Basi bugali yetu, sombe yetu na pilipili yetu vilitoka ng'ambo ile. Hata neno letu "meza" ni la Wareno, na mhudumu wetu hutamka karibu vilevile kwa Kihispania. Tulisafiri mbali sana, tukakuta tunakula kwa bibi yetu.

Miaka mitatu tulikula hapo. Dominika moja ya mwaka wa 2019, binti yangu, aliyekuwa na miaka saba, alimtazama mama mmoja aliyekuwa akichoma tortila nyuma ya kioo. Akaniuliza: "Papa, yule mama anaitwa nani?" Nikajibu: "Ndiye mpishi." Akasema: "Nimeuliza jina." Sikuwa nalo. Niliujua mchuzi wake, niliijua hata siku ambayo mchuzi umezidi chumvi. Jina lake sikulijua. Nikashikwa na haya, tena haya kubwa kuliko jambo lenyewe, kwa sababu nilikumbuka habari nyingine ya zamani. Habari hiyo nitaieleza mbele. Kwanza tutazame meza ya Texas ilivyokuwa, maana itatufundisha.

MBEGU BILA MWALIMU

Tortila ya mahindi haitengenezwi kama bugali. Mama wa Kimeksiko huchemsha punje katika maji yenye chokaa, huziacha zilale humo usiku kucha, huziosha, ndipo huzisaga. Ni ufundi wa wenyeji wa kale, uliokuwako karne nyingi kabla ya Wahispania. Asiyejua atadhani ni kulainisha punje tu. Sivyo. Chokaa hufungua vitamini moja iitwayo niasini, ambayo katika mahindi yasiyotiwa chokaa imefungwa, mwili hauwezi kuipata vema.

Wahispania walichukua mahindi wakayapeleka Ulaya. Mbegu waliichukua, ufundi wa akina mama hawakuuchukua. Yakazaa sana, yakawa chakula cha maskini. Lakini maskini wa Hispania na wa Italia ya kaskazini, waliokula mahindi karibu peke yake, walianza kuugua: ngozi ilipasuka, tumbo likaharisha, akili ikavurugika, na wengi wakafa. Mganga Mhispania, Gaspar Casal, aliueleza ugonjwa huo mwaka wa 1735. Waitalia wakauita pelagra. Mwanzoni mwa karne ya 20 uliua maelfu ya maskini kusini mwa Marekani. Tangu mwaka wa 1915 daktari Joseph Goldberger alionyesha kwamba asili yake ni chakula, wala si ugonjwa wa kuambukizana. Na mwaka wa 1937 ikajulikana kwamba kinachokosekana ni niasini. Hata katika siku zetu, mwaka wa 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua pelagra kwa maelfu, karanga zilipokosekana katika posho yao ya mahindi.

Msiogope bugali yenu. Anayekula pamoja na samaki, karanga na maharagwe hana shida. Nasema neno hili tu: waganga wa Ulaya walihangaika karne mbili, na kinga ilikuwa katika chungu cha mama wa Kimeksiko. Walikipenda alichokilima, yeye mwenyewe hawakumwona kuwa mtu wa kuulizwa. Basi anayemdharau mpishi hamkosei mpishi peke yake. Anajinyima mwenyewe.

MEZA ISIYO NA KITI

Sasa turudi San Antonio. Katika karne ya 19, jua lilipotua, wanawake wa Kimeksiko walipanga meza zao katika uwanja uitwao Military Plaza, wakawasha taa, wakauza chili, yaani nyama iliyopikwa kwa pilipili. Askari, wachunga ng'ombe na wasafiri walikaa hapo wakala kwa senti chache. Magazeti yaliwaita wanawake hao malkia wa chili. Ni jina zuri, lakini malkia hao hawakuwa na nchi. Walihamishwa uwanja hadi uwanja, na mwishoni mwa miaka ya 1930 amri za afya za mji zikawaondoa. Wachache sana kati yao majina yao yaliandikwa.

Wakati huohuo chili yao iliwatajirisha wengine. Katika miaka ya 1890 William Gebhardt, Mjerumani aliyehamia New Braunfels karibu na hapa, alianza kuuza unga wa pilipili ya chili, na baadaye kampuni yake ikauza chili ya makopo. Mwaka wa 1900 Otis Farnsworth, ambaye hakuwa Mmeksiko, alifungua San Antonio nyumba ya chakula iliyoitwa Original Mexican Restaurant. Siwaiti wezi; kazi yao ilikuwa kazi halali. Lakini tazameni jinsi mambo yalivyokwenda: chakula kilipanda juu, mpishi akabaki chini.

Hata leo, ukienda kulipa katika restora nyingi za namna hii, karibu na sanduku la feza utakuta pipi za sukari na njugu ziitwazo pekani. Watoto wangu huzililia. Mwaka wa 1938 watu karibu 12,000 wa San Antonio, wengi wao wanawake wa Kimeksiko waliokuwa wakibangua pekani kwa mikono, waligoma kazi, kwa sababu ujira wao mdogo ulipunguzwa tena. Aliyesimama mbele yao mwanzoni alikuwa Emma Tenayuca, msichana wa miaka 21. Wengi walifungwa. Walaji wa pipi walijua utamu. Uchungu wa vidole vya wale wanawake hawakuujua.

Tena kulikuwa na jambo baya kuliko hilo. Katika miji mingi ya Texas nyumba za chakula ziliweka kibao mlangoni kwamba Wameksiko hawahudumiwi. Macario García alizaliwa Meksiko, akalelewa Texas, akachuma pamba pamoja na wazazi wake. Akaenda vitani Ulaya, akapigana kwa ushujaa katika Ujerumani mwezi wa Novemba 1944 ingawa alikuwa amejeruhiwa. Tarehe 23 Agosti 1945 Rais Truman mwenyewe alimvika Medali ya Heshima, iliyo kubwa kuliko zote za jeshi la Marekani. Siku chache baadaye, mwezi wa Septemba, aliingia katika mkahawa mmoja wa mji wa Richmond, Texas. Wakakataa kumhudumia, kwa kuwa ni Mmeksiko. Ugomvi ukatokea, na yeye ndiye aliyeshtakiwa, ingawa kesi hiyo ilikufa baadaye.

Fikirini, ndugu zangu. Watu wa jimbo hilo walikuwa wakila chili kila juma. Ulimi wao ulikuwa umekwisha kuwapokea Wameksiko. Mlango wao ulikuwa bado umefungwa. Hapa tumepata jibu la nusu ya swali letu: kupenda chakula si kumpenda mpishi. Mambo haya mawili yanaweza kukaa mbalimbali miaka mingi katika mtu mmoja, wala asione ajabu. Sheria ya mwaka wa 1964 ilikataza ubaguzi katika nyumba za chakula za Marekani, nayo ni sheria ya haki. Sheria inaweza kufungua mlango. Kumfundisha mtu aulize jina, haiwezi.

WANAOCHUNGUZA SAHANI

Yako makosa mengine, ya watu wenye elimu. Hao hawamdharau Mmeksiko. Hudharau enchilada yetu. Husema: "Hiki si chakula cha kweli cha Kimeksiko. Jibini ya njano imetoka wapi? Ngano imetoka wapi? Ni mchanganyiko tu." Mwaka wa 1972 bibi mmoja Mwingereza, Diana Kennedy, aliyekaa Meksiko miaka mingi, alitoa kitabu chake The Cuisines of Mexico, na tangu hapo wasomaji wengi walianza kutenga chakula cha Meksiko na kile cha Texas, hiki wakakiweka chini. Bibi huyo alifanya bidii. Alizunguka vijijini, akawataja waliomfundisha kupika. Wengi waliomfuata walichukua dharau yake, bidii wakaiacha.

Nawajibu hivi. Uongo hukaa katika ulimi na katika nia. Haukai katika chungu. Mama aliyetia jibini ya njano aliitia kwa sababu ndiyo iliyouzwa katika maduka ya Texas, na watoto wake walikuwa na njaa. Ngano ililetwa na Wahispania, ikastawi kaskazini mwa Meksiko. Fahita, ile nyama inayoletwa ikilia juu ya chuma cha moto, inaelezwa kwamba ilianza kwa wachunga ng'ombe wa kusini mwa Texas: mabwana walichukua nyama nzuri, wachungaji wakapewa kichwa, ngozi na ukanda mgumu wa nyama ya chini ya mbavu, kuwa sehemu ya ujira wao. Wakaukata ukanda ule, wakauchoma, wakaula na tortila. Mwaka wa 1973 mjane mmoja wa Houston, Ninfa Laurenzo, mwenye watoto watano, aliweka meza kumi katika kiwanda chake kidogo cha tortila ili kiwanda kisife, akauza nyama ile ile. Watu wakajaa, wakamwita Mama Ninfa. Leo nyama iliyotupiwa wachungaji inauzwa kwa bei ya juu. Chakula hicho si cha uongo. Ni historia ya watu, imeandikwa kwa nyama na moto.

Na nacho je? Ni vipande vya tortila vyenye jibini na pilipili juu, navyo huliwa duniani kote. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, katika Piedras Negras, mji wa Meksiko mpakani, wanawake wa Kimarekani waliingia katika nyumba ya chakula, na mpishi hakuonekana. Mwangalizi wa meza, Ignacio Anaya, akaingia jikoni mwenyewe, akapanga alivyovikuta, akavitia motoni. Watu wenye jina Ignacio huitwa Nacho kwa kifupi. Basi dunia nzima inakula jina la mtu, wala haijui kwamba ni jina la mtu.

Kwa hiyo mlafi na mchunguzi ni ndugu. Mmoja anasema, "Ni kitamu," mwingine anasema, "Si cha kweli," na wote wawili macho yao yamebaki katika sahani.

"MIMI NIMELIPA"

Mtu atanijibu: "Katekista, unatutwika mzigo bure. Mimi nimekwenda kula, sikwenda kutafuta ndugu. Wamesema bei, nimelipa, nimeongeza hata kitu kidogo kwa mhudumu. Deni limekwisha."

Neno hilo lina ukweli, tusilikatae upesi. Haki inataka mtu alipe anachodaiwa, na anayelipa sawasawa ametimiza haki ya biashara. Mara nyingi maskini angefurahi kupata haki hiyo tu. Wabanguaji wa pekani hawakugoma ili watabasamiwe, waligoma wapate ujira. Anayetabasamu sana na kulipa kidogo ni mnafiki.

Lakini Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyepima mambo haya kwa utulivu, alifundisha kwamba shukrani ni fadhila yenyewe, iliyo karibu na haki bali si haki ile ya kulipa deni. Na Aristotle, kabla yake, alitofautisha urafiki wa namna tatu: wa faida, wa furaha, na wa wema. Katika ule wa faida nampenda mtu kwa ajili ya ninachopata. Katika ule wa furaha, kwa ajili ya utamu wake. Katika ule wa tatu nampenda kwa ajili yake mwenyewe. Mlaji yuko katika faida na furaha. Hilo si dhambi. Ila ni ujinga kukaa mlangoni na kudhani kwamba umeingia nyumbani.

Tena mizigo haiwi sawa kwa wote. Msafiri anayekula mara moja na kupita ana wajibu wa kulipa na kusema neno la adabu, basi. Lakini mtu anayerudi juma kwa juma, ambaye mwili wa watoto wake umejengwa kwa mikono ya mama yuleyule, atasemaje kwamba hamjui? Bei ilihesabu unga, nyama, moto na saa za kazi. Hakuna aliyeweka katika hesabu kwamba yule mama ni mtu. Jambo hilo halina bei, na kwa sababu halina bei, haliwezi kuwa limekwisha kulipwa.

VYUNGU VYA KWETU

Sasa niseme kwa nini nilishikwa na haya.

Nilipokuwa mtoto, kabla ya vita ya mwaka wa 1996, mwanamke mmoja Mtwa alikuja mara kwa mara nyumbani kwetu, akiwa amejitwika vyungu. Ninyi wa Kivu mnajua: Wabatwa ndio wafinyanzi. Mama yangu alichagua chungu, akakigonga kwa kidole asikie mlio wake, akalipa mihogo au maharagwe. Mama yangu hakuwa mbaya. Alilipa vizuri, wala hakumpunja. Lakini yule mwanamke hakuingia ndani. Alipoomba maji hakupewa kikombe chetu. Alimiminiwa katika jani la mgomba, akanywa, jani likatupwa. Wanaume wa mtaa walipokunywa kasiksi, wote walinyonya kwa mrija mmoja, ila Mtwa hakupewa mrija huo.

Siku moja nilimwuliza mama: "Yule anaitwa nani?" Akajibu: "Ni Mtwa." Nikaridhika, nikaenda kucheza.

Jioni ile tulikula maharagwe yaliyopikwa katika chungu chake. Kila siku tulikula kutoka katika mikono yake, na kikombe tulimnyima. Katekisimu niliijua yote, maswali na majibu. Padri alipotusomea Injili ya tajiri na Lazaro, nilimhurumia Lazaro sana, wala sikuona kwamba alikuwa ameketi mlangoni petu na vyungu kichwani.

Basi nisiwahukumu watu wa Texas kana kwamba mimi nimetoka katika nchi ya malaika. Kibao chao kilikuwa cha mbao, chetu kilikuwa cha jani la mgomba.

WALIOTUPOKEA BILA KUJUA SOMBE

Mwezi wa Juni wa mwaka huohuo wa 2019, mamia ya watu wa Kongo na Angola walifika San Antonio kwa ghafula. Wengi walikuwa wamefika kwanza Amerika ya Kusini, wakapita kwa miguu msitu wa Darién katika Panama, wakapanda hadi Meksiko, wakavuka mto Rio Grande pamoja na watoto migongoni. Mji ulitafuta watu wenye kujua Kifaransa na Lingala, nami nikaenda kusaidia.

Nilikuta nini? Watu wa mji, na wengi wao wa ukoo wa Kimeksiko, wakigawa chakula, maji na nepi. Hawakuwa wamekula sombe hata siku moja. Hawakujua bugali, wala sambaza, wala wimbo wetu hata mmoja. Hawakupenda kitu chetu chochote, kwa maana hawakukijua. Walituuliza kwanza majina, wakayaandika vibaya, wakacheka, wakayaandika tena.

Nilielewa hapo nusu ya pili ya jibu. Unaweza kupenda chakula cha watu usiwapende. Na unaweza kuwapenda watu kabla hujaonja chakula chao. Chakula si upendo. Ni nafasi tu ya upendo, nzuri na ya kila siku, na mtu anaweza kuikosa akiwa amekaa mbele yake na kijiko mkononi.

TUFANYE NINI

Sitaki kuwapa sheria ngumu. Mambo matatu yanatosha.

La kwanza, tuulize jina, na tulikumbuke. La pili, tulipe vizuri na kwa wakati, kwa maana shukrani isiyolipa ni maneno. La tatu, siku watu hao wanapotukanwa mbele yetu, tusinyamaze. Hapo ndipo inapojulikana kama tulikula tu, au tulikula pamoja nao.

Dominika iliyofuata nilikwenda nyuma kwenye kioo, nikamwambia yule mama jina langu, akaniambia lake. Sitaliandika hapa, kwa maana hakuniomba nilitangaze. Aliniambia ana miaka kumi na tisa katika jiko lile, na kwamba mke wangu ndiye mgeni pekee anayekula pilipili kama watu wa kwao. Baada ya miezi mingi alikubali kuja kwetu pamoja na mume wake. Mke wangu aliwapikia bugali na sombe. Akashika bugali kwa vidole, akaikanda kidogo, akanusa, akasema kwamba unga huu ni wa mahindi lakini haukuona chokaa. Akaeleza jinsi ya kufanya, na mke wangu akaandika.

Binti yangu alikuwa ameketi karibu naye usiku ule, akimwita kwa jina.

Lakini mama yule wa vyungu sikumwuliza jina, na mwaka wa 1996 vita ilitutawanya sote. Siwezi tena kulipa deni lile. Ninyi mnaosoma gazeti hili huko Kalehe, Kabare na Idjwi, mnaweza. Wajukuu zake wangali wanapita mlangoni penu. Wakiomba maji, wapeni kikombe.